Taya la mwenzetu

Wandugu wa masomo, sisi makapita wa mwaka wa mwisho tunawaandikia habari inayotuhusu wenyewe. Hatupendi muisikie njiani.

Siku ya kutayarisha sikukuu ya kwaya, karatasi ilituishia. Tulimtuma mwenzetu Makiso anunue nyingine, tukamwambia: "Panda pikipiki, fanya mbio!" Zamani hapa Kisangani ilikuwa toleka, mtu akianguka alipangusa magoti, akacheka. Pikipiki si vile. Alianguka na kidevu.

Taya lilivunjika mahali pawili, mbele na tena juu karibu na sikio. Munganga alisema njo kawaida yake, sababu taya iko kama upinde: ukipigwa hapa, unavunjika na kule. Meno ya juu na ya chini hayakukutana tena. Jirani mmoja alitaka kumkanda na mafuta ya moto. Bahati nzuri mama yake alikataa.

Kuna njia mbili. Moja ni ya kale, kufunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya, majuma 4 mpaka 6, hata mfupa ushikane. Munganga Gilmer wa Chicago aliiandika mwaka 1887, na Hippocrates, Mgriki wa mbele ya Kristo, alikwisha kufunga meno ya taya lililovunjika kwa uzi wa zahabu. Nyingine ni kupasua na kukaza mfupa kwa vibamba vidogo vya chuma na skrubu. Champy wa Strasbourg aliieneza miaka ya 1970. Kwa hiyo mgonjwa anafungua mdomo mapema. Lakini inataka feza nyingi. Baba yake alihesabu, akachagua waya.

Majuma 6 alikunywa uji wa karanga kwa mrija. Koleo ya kukata waya ilikaa kando ya kichwa chake: akitapika, mtu akate upesi, asisongwe. Tulilala naye kwa zamu. Usiku wa kwanza hakuna aliyelala, tuliangalia ile koleo tu.

Sasa waya imetoka. Mdomo unafunguka vidole viwili, anafanya mazoezi afike vitatu. Kuimba bado. Mtihani wa Serikali atafanya pamoja nasi.

Siku ile ya kwanza baba yake aliuliza mbio ilikuwa ya nini. Mwenzetu aliomba kalamu, akaandika: "Nilichelewa mimi mwenyewe." Sisi tulisimama pale, tukanyamaza. Baba atasoma karatasi hii.