ROKETI MBILI NA UGONJWA WANGU



Novemba 2025 kijana wangu alinionesha kwenye simu roketi kubwa iitwayo New Glenn, ya kampuni ya Blue Origin ya Jeff Bezos. Ilipaa kutoka Florida kupeleka vyombo viwili vya utafiti kuelekea Mirihi. Sehemu yake ya chini ikarudi na kutua wima juu ya meli baharini, ili irushwe tena. Januari mwaka huohuo walijaribu, sehemu hiyo ikapotea.

Mshindani wao ni SpaceX ya Elon Musk, ambayo Oktoba 2024 ilidaka roketi yake kwa mikono ya mnara kule Texas. Matajiri hawa wamerushiana maneno miaka mingi. Lakini siku ile Musk alimpongeza Bezos hadharani.

Nikainamisha kichwa. Mtaa wa pili ipo madrasa iliyofunguliwa baada ya yetu, na watoto wao wamehifadhi kuwashinda wetu. Nilialikwa kwenye mahafali yao, nikasema naumwa. Kweli niliumwa, ila ni moyo.

Ndugu zangu, kushindana katika kheri tumehimizwa. Kununa mwenzako anapofanikiwa ni husuda, hata ukiwa umevaa kanzu na kilemba.

Usiku ule nilimpigia simu maalim yule, nikampa hongera na kumwomba radhi kwa uongo wangu. Nawe, je, ni nani unayemnunia?

Wabillahi tawfiq.