D200 na D300: ipi ibaki, ipi iondoke

Nimekuwa kimya kidogo, wadau, na sababu si kazi peke yake. Mezani kwangu kuna kamera mbili, zote Nikon, zote kuukuu, na moja lazima iondoke kabla ya Jumamosi. Mdogo wangu kachoka kuzungusha barua za maombi ya kazi. Kaamua kuingia kwenye picha za harusi na sendofu, na Jumamosi hii kapata kazi yake ya kwanza ya kulipwa, sendofu ya mtu ambaye hata hamjui. Kaja kwangu, kajitupa kwenye kochi, kanywa juisi yangu yote, kisha akasema: "Dada, niachie moja tu. Yoyote."

Hilo neno "yoyote" ndilo lililoninyima usingizi. Anayesema yoyote hajui tofauti. Mimi ninaijua, na nakiri mbele yenu kwamba wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kumpa ile ambayo sitaikosa usiku, nimwambie "chukua hii, bomba sana," na angeshukuru.

Basi ngoja niwaeleze tofauti yenyewe, halafu mtaona kwa nini nimejishtukia.

D200 ilitangazwa Novemba 2005. Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la tatu na kamera pekee niliyoijua ni ile ya mpiga picha wa mtaani aliyepita sikukuu ya Idi. D300 ilitangazwa Agosti 2007, pamoja na D3, lile dude kubwa la wapiga picha wa habari na michezo. Zilipotoka, Marekani D200 ilikuwa karibu dola 1,700 na D300 karibu dola 1,800. Leo ukizipata mtumba hazifikii bei ya simu nzuri. Ya kwanza niliuziwa na mzee mmoja mstaafu wa magazeti, ya pili nikaipata Kariakoo kwa kijana aliyeniapia mara tatu kwamba haijawahi kufunguliwa.

Ukifumba macho ukapewa moja, unaweza usijue ni ipi. Bila betri D200 ina gramu 830, D300 ina 825. Tofauti ni kama kijiko cha chai cha sukari. Si kubwa kama zile za michezo zenye mshiko wa chini, wala si ndogo kama zile za plastiki za wanaoanza. Ganda la chuma chepesi cha magnesi, vitufe vingi, zinakaa mkononi kama tofali lililochongwa vizuri. Zote zinatumia betri ya aina moja, EN-EL3e, na zote zinakula kadi za zamani za CompactFlash, ambazo ukiulizia madukani siku hizi muuzaji anakutazama kama umeomba kanda ya kaseti. Zote pia zina mota ndani ya kusukuma lenzi za zamani, kwa hiyo lenzi yangu ya milimita 50, ile ya f/1.8 ya bei poa, inafanya kazi kwenye zote mbili. Ukiifunga kwenye D40, itabidi uzungushe pete kwa vidole.

Tofauti iko ndani. Sensa ya D200 (siyo ile ya watu na makazi, jamani, hiki ni kile kipande kinachopokea mwanga) ni ya aina ya CCD, megapikseli 10.2. Ya D300 ni CMOS, megapikseli 12.3. Wabongo tunapenda kubishana kwa megapikseli kama tunavyobishana Simba na Yanga, lakini hapa hakuna ubishi wa maana: picha ya D200 ina upana wa pikseli 3,872, ya D300 ina 4,288. Kwenye ukurasa wa gazeti hutaona kitu.

Mchana, mapenzi yangu yako kwa D200. Siombi radhi.

Wiki hii nilizipeleka zote Feri, soko la samaki, mara mbili. Asubuhi saa moja jua linaingia chini chini kutoka upande wa Kigamboni, linapiga magamba ya samaki, jasho la wabebaji, maji yaliyomwagika sakafuni. D200 inachukua hiyo hali kwa namna ambayo siwezi kuieleza kitaalamu. Ngozi zetu zinatoka na joto lake, weusi una kina, hauendi kwenye majivu. Najua kuna watu watanirukia waseme rangi inatokana na vichujio na programu ya kamera, CCD haina uchawi wowote. Sawa, huenda ni hivyo. Mimi nasema ninachokiona ninapofungua mafaili mawili ya mtu yuleyule, dakika ileile. La D300 nalifanyia kazi kidogo ndipo nalipenda. La D200 nalipenda kwanza, kazi baadaye.

Na kuna jambo la hesabu pia. D200 inaanzia ISO 100, D300 inaanzia 200. Saa sita mchana Dar, jua la utosi, nikitaka kufungua lenzi hadi f/2 ili vurugu za nyuma ya mtu zifutike, kwa ISO 100 nahitaji shata ya kama sekunde 1/6400. Inawezekana, kwa sababu zote mbili zinaishia 1/8000. Kwa ISO 200 ningehitaji mara mbili ya hapo, na shata hiyo haipo. Nabana lenzi hadi f/2.8, na ndoo zote za nyuma zinarudi kwenye picha. D300 ina hila ya kushuka hadi kiwango kama cha 100, ila sehemu nyeupe zinaungua mapema, na Feri kila kitu kinameta.

Basi kama Mungu angeumba siku isiyo na usiku, nisingekuwa na la kuwaandikia.

Sasa twende ukumbini. Mnazijua kumbi zetu. Taa za zambarau, taa za bluu, moshi wa kutengeneza, MC kasema "zima taa tumpokee binti yetu," na wewe mpiga picha ndiyo umeanza kazi. Kwa mwanga huo, lenzi ikiwa wazi kabisa na ISO 1600, unaweza kupata shata ya 1/60. Mtu aliyesimama anatoka. Mtu anayecheza, anayekumbatia, anayefuta machozi, anatoka kama mzimu. Unataka angalau 1/125, maana yake ISO 3200. Kwa D200, 1600 ndiyo mwisho wa safari rasmi. Hiyo 3200 ipo, lakini ni ya kulazimisha, na picha inajaa chenga za rangi kama televisheni ya zamani antena ikigeuka. Kwa D300, 3200 iko ndani ya kipimo cha kawaida. Chenga zipo, ila ni laini, kama unga, hazina madoa mekundu na ya kijani usoni mwa mtu.

Hatua moja tu, mtasema. Ndiyo, moja. Ngoja niwaambie ilinigharimu nini.

Kabla sijapata D300 nilikwenda na D200 kwenye sendofu ya binamu yetu. Sikwenda kama mpiga picha wa kulipwa, nilikwenda kama ndugu mwenye kamera, ambayo ni kazi hiyohiyo bila malipo. Taa zikazimwa. Shangazi akasimama kumkabidhi binti yake, akamkumbatia, akashindwa kumwachia. Ukumbi mzima ukanyamaza, hata MC. Nilipiga fremu kumi na nne. Nikatazama kwenye kioo cha nyuma, nikaona ziko safi, nikajipongeza kimoyomoyo.

Kioo cha D200 ni inchi 2.5 chenye nukta 230,000. Kila picha mle inaonekana safi. Kilichotakiwa ni kukuza picha pale pale nikague macho ya shangazi, na sikufanya hivyo, nilikuwa na haraka na wali ulikuwa unapakuliwa. Nyumbani, kwenye kompyuta, nikaona: tisa zimetikisika, nne kamera imelenga ua la mapambo badala ya uso, na moja iliyobaki ina uso, lakini uso umejaa chenga.

Shangazi alifariki miezi minne baadaye. Familia ikatafuta picha ya kuweka kwenye fremu, na watu wakakumbuka kwamba siku ya sendofu alipendeza kuliko siku zote. Wakaniomba. Nikatoa ile moja. Nilikesha nikijaribu kuilainisha, nikilainisha chenga inapotea na mikunjo ya macho yake inapotea nayo, anakuwa mtu mwingine. Mwishowe nikairudisha ilivyokuwa, nikaipeleka studio ikachapwa. Aliyeibeba ile fremu mbele ya jeneza ni huyu huyu mdogo wangu. Mpaka leo anadhani studio ndiyo iliharibu, na mimi sijawahi kumsahihisha.

Ndiyo maana "yoyote" iliniuma.

Sisemi D300 ingemrudisha shangazi, wala sisemi ingenipa picha nzuri kwa hakika. Ila ina sehemu 51 za kulengea dhidi ya 11 za D200, zimetandazwa kwa upana zaidi, unaweza kuweka moja juu ya jicho la mtu aliye pembeni ya fremu bila kuhamisha kamera. Kioo chake ni inchi 3 chenye nukta 920,000, ukikosea unajiona hapo hapo, wakati tukio bado halijaisha. Na ile hatua moja ya ISO ipo. Ukijumlisha hayo matatu, mtu anayeanza kazi ya kumbini ana nafasi ya kukosea na kusahihisha. Kwa D200 hana.

Mzee aliyeniuzia D200 nilimpigia simu kumwomba ushauri. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, kisha nikamweleza. Alicheka sana. Yeye alifanya kazi miaka mingi na filamu, kwake ISO 400 ilikuwa anasa. "Sasa mwanangu, wewe unaogopa 1600?" Akaniuliza flashi yangu iko wapi. Ana haki. Nina flashi moja ya nje, na dari ya ukumbi ikiwa nyeupe na fupi unaipiga juu, mwanga unashuka taratibu, mambo yanakwenda hata kwa D200. Lakini kumbi zetu dari ni ndefu au imefunikwa vitambaa vya zambarau, na bibi harusi anageuka zambarau. Hilo mzee hakulijibu, aliniuliza nimeolewa lini. Nikaaga.

Wengine mtasema uza zote nunua ya kisasa. Nani kasema sitaki? Mimi nalipwa kwa habari inapotoka, na kodi ya nyumba haisubiri habari itoke. Wengine mtasema tumia simu. Natumia. Simu yangu ikipiga gizani inaunganisha picha kadhaa kuwa moja, na kwa mtu aliyetulia inazishinda kamera hizi zote mbili. Akianza kucheza, mkono unakuwa wa moshi. Kwa video ndiyo hakuna ubishi, maana kati ya hizi mbili hakuna inayorekodi video. Hiyo ilikuja na D300S mwaka 2009. Wateja wa siku hizi wanataka kipande cha kurusha mtandaoni kabla keki haijakatwa, kwa hiyo dogo itabidi awe na simu mfukoni hata hivyo.

Nimeamua jana usiku. Anachukua D300.

Usiku nitakaotumwa mimi, mkutano wa jioni au moto uliozuka mtaani, nitajua la kufanya. Nina flashi, nina simu, na najua D200 inaishia wapi.

Nilimwita leo nikamfundisha kwa saa mbili. Weka shata 1/125 usishuke. Kuza kila picha muhimu, kagua macho. Usiguse ile sehemu ya biti 14, ukiiweka, kasi inatoka fremu sita kwa sekunde hadi mbili na nusu na utadhani imeharibika. Sensa yake inajitikisa yenyewe kupukuta vumbi, usiingize kidole wala kitambaa humo. D200 haijitikisi, nilirudi nayo Singida mara moja anga lote lina madoa, lakini hayo ni yangu.

Akaniuliza, "Kwani hiyo nyingine ina tatizo gani?" Nikamwambia haioni vizuri gizani. Akanyamaza kidogo, anaigeuza geuza mkononi. Halafu akasema, "Ndiyo uliyompigia shangazi?"

Nikasema ndiyo. Nikamwambia na studio haikuwa na kosa.

Hakusema kitu. Aliuliza chaja iko wapi.

Nina betri tatu, zote zimechoka. D200 inazimaliza haraka kuliko mwenzake, kwa hiyo kwa haki mimi ndiye niliyestahili mbili. Nimempa mbili. Hii moja iko kwenye chaja sasa hivi, taa yake bado inawaka waka, na saa kumi na mbili kasoro nataka niwe Feri kabla boti hazijaisha.