Daftari na Akiba ya Petroli

Mwenye motokaa ya zamani hana budi kujua jambo moja kabla ya kuondoka nyumbani: petroli aliyo nayo itamfikisha wapi?

Motokaa yangu hapa Shelly Beach ni Volkswagen ya mwaka 1959, yenye mgongo kama wa kobe. Motokaa hizo hazikuwekewa mshale wa kuonyesha petroli hadi mwaka 1961. Tangi huchukua lita 40, na lita 5 za mwisho ni akiba. Injini ianzapo kukatakata, dereva huzungusha bilula ndogo iliyo karibu na miguu yake, akiba ikafunguka.

Kwa hiyo daftari ndilo mshale wangu. Mimi hujaza tangi pomoni, nikaandika kilomita. Nikijaza tena, hugawanya kilomita nilizokwenda kwa lita zilizoingia. Katika barabara ya Diani hupata kilomita 12 kwa lita. Juma la kungoja feri ya Likoni na kwenda polepole mjini, 9 tu. Ndiyo sababu huzima injini msururu usiposogea, tena hupima upepo wa magurudumu.

Lita 35 kwa kilomita 12 ni kilomita 420, na Nairobi ni kama 480 kutoka Mombasa. Basi huongeza petroli Mtito Andei, nusu ya njia, wala zile 5 sizihesabu. Akiba ni ya kumfikisha mtu penye petroli, si ya kupangia safari. Njia hiyo hupita mbuga ya Tsavo, na tembo hawamsukumii mtu motokaa.