Amplifaya moja ama magita matatu?

Pesa ya kikundi chetu hapa Nyarugusu inatosha kitu kimoja: amplifaya moja ya nguvu, ama magita makavu matatu ya bei ya kati. Wakubwa wanataka amplifaya, tusikike mbali kwenye harusi. Mimi nasema magita. Rumba yetu ya Kongo haipigwi na gita moja: kuna solo, mi-solo na akompa, kila moja na kazi yake. Sebene inatoka pale wanaposhikana. Halafu amplifaya bila umeme ni sanduku tu. Gita kavu linalia hata gizani. Wadogo zetu 11 wanangoja zamu kwenye gita moja lenye nyuzi nne. Sauti kubwa inaweza kungoja. Wao wanakua. Jumapili tunapiga kura. Nyinyi mngechagua nini, ndugu zangu?