Tisa ya Wino Mwekundu

Katika buletini zetu, pointi za aliyeshindwa huandikwa kwa wino mwekundu. Ile tisa juu ya ishirini niliiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya somo la Informatiki. Msichana niliyempa alistahili kumi na tatu, na nililijua hilo kabla sijashika kalamu.

Ilikuwa 2017. Miaka miwili nyuma Katanga ilikuwa imegawanywa kuwa majimbo manne, Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba, na kila mzazi alitaka mtoto wake ajue kompyuta ili aje apate kazi kwenye makampuni. Shule yetu ikapewa msaada wa kompyuta sita zilizokwisha kutumika. Prefe, mkuu wa shule, akanikabidhi ufunguo wa chumba akasema, "Mwalimu, moja ikipotea, tutakudai wewe."

Neno lile nililipokea kwa furaha isiyo ya kawaida. Nilizifunika mashine kwa plastiki, kila moja na mfuko wake, nikachomoa nyaya zote, nikafunga mlango. Aliyeniuliza nilimjibu: vumbi. Kolwezi nani atakubishia habari ya vumbi? Kiangazi, malori ya madini yakipita, shati jeupe lililoanikwa asubuhi linafika saa sita limekuwa rangi ya tofali.

Lakini vumbi nililisingizia tu. Nilikuwa naogopa. Chuoni Lubumbashi tulisoma kompyuta watu kama arobaini nyuma ya mashine moja, na mwenye kuigusa alikuwa yule aliyewahi kiti cha mbele. Mimi sikuwahi. Nilifaulu kwa daftari, na daftari hilohilo ndilo nililokuja nalo darasani.

Basi nikafundisha daftari. Muhula wa kwanza wote ulikwisha kwenye vizazi vya kompyuta: taa za vakyumu, transista, saketi unganishi, maikroprosesa. Wanafunzi wangu walijua kwamba ENIAC ya mwaka 1946 ilikuwa na uzito wa tani 30 na taa zaidi ya 17,000, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesukuma suri, au kipanya kama wasemavyo Watanzania, ndani ya shule yetu. Muhula wa pili niliwachoresha kibodi kwa rula, A-Z-E-R-T-Y, kitufe kwa kitufe. Mchoro nikauwekea pointi tano. Kuna mtoto niliyemkata pointi moja kwa sababu kitufe chake cha nafasi kilikuwa kifupi.

Mara moja tu niliwafungulia chumba, mwezi wa tatu, kwa vile inspekta alikuwa anatarajiwa. Nikawasha mashine ya kwanza: skrini nyeusi, tarehe 1 Januari 2003, na ombi la kubonyeza F1. Ya pili vilevile. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo kama sarafu inayoendesha saa wakati umeme haupo. Mashine ikibaki imechomekwa ukutani, betri hiyo inapumzika. Ukiichomoa, mzigo wote ni wake, usiku na mchana, mpaka inakufa. Nilichokiita utunzaji ndicho kilichoziua.

Nikafungua kasha moja, nikaibandua betri, nikawaonyesha. Kijana mmoja alikuwa anatoka Kasulo, mtaa ambao tangu 2014 watu wamechimba mashimo hadi ndani ya vyumba vyao vya kulala. Akauliza, "Mwalimu, na humu kuna kobalti ya kwetu?"

"Ndiyo," nikasema, bila kusita. Darasa zima likanyoosha shingo. Naye akaipokea betri, akaishika viganjani kama yai.

Haimo. Kobalti imo kwenye betri za simu na za kompyuta za mkononi, zile za kuchaji. Hii ya sarafu, CR2032, ni ya lithiamu na manganizi, na jina lake linakuambia hata vipimo: milimita 20 kwa upana, 3.2 kwa unene. Sikulijua hilo siku ile. Ningesema "nitatafuta, nitakujibu kesho," ningepungukiwa nini?

Sasa swali la saba la mtihani wa mwisho wa mwaka, pointi nne. "Unaandika barua katika Word, hujaihifadhi, umeme unakatika. Nini kinatokea? Eleza." Nililipenda swali hilo kwa kuwa lilikuwa la hapa kwetu. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yamejengwa juu ya mto Lualaba tangu miaka ya 1950, kwa ajili ya migodi, na mitaani bado tunalala na mshumaa. Jibu la daftari lilikuwa: kilichomo kwenye kumbukumbu ya muda kinapotea chote.

Yule msichana aliandika kwamba barua inarudi. Ukiwasha tena na kufungua Word, inakuonyesha pembeni ile iliyookolewa, ila mistari ya dakika za mwisho ndiyo inayoweza kukosekana. Nikampiga sifuri. Niliporudisha karatasi alisimama, sketi yake ya buluu imekwajuka kwa kufuliwa, akasema taratibu:

"Mwalimu, ile inarudiaka. Ku bureau tunaonaka vile kila siku."

"Ikala," nikamwambia. Akaketi. Wengine wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke.

"Bureau" ilikuwa kibanda cha mjomba wake: kompyuta moja, mashine ya fotokopi, jenereta mlangoni. Nilikuwa sijui ni wapi. Siku kumi baadaye, buletini hazijajazwa, nilichoka kungojea mshahara nikaamua kupeleka maombi kwa kampuni moja ya kandarasi migodini. Nikaingia kibanda cha kwanza kilichokuwa na taa, CV yangu nimeiandika kwa kalamu, maana kwa vidole vyangu viwili ingenichukua hadi usiku. Aliyekaa kwenye kibodi alikuwa yeye.

"Jambo, Mwalimu." Akapokea karatasi, akaanza kuchapa bila kuangalia vitufe. Akafika mstari unaosema: Informatiki, Word na Excel, vizuri sana. Akauchapa kama mistari mingine. Ukurasa wa pili ulikuwa katikati umeme ulipokatika.

Sikusema kitu. Akatoka nje, akavuta kamba ya jenereta mara tatu, akarudi, akawasha. Pembeni mwa skrini jina langu likatokea, na CV yangu chini yake, imepungua mistari miwili. Akaichapa upya. Hakugeuka kuniangalia, na ningeona nafuu kama angegeuka. Akahesabu kurasa, akataja bei ya mteja yeyote, nikalipa.

Kumrudishia pointi zake kungetaka barua kwa prefe, yenye sababu. Sababu ilikuwa kwamba mwalimu wa somo hajui somo, nami nilikuwa na CV mbichi mfukoni inayosema vingine. Usiku ule nilikaa na rundo la buletini na mshumaa. Yake ilikuwa karibu na mwisho. Nikaweka kalamu ya buluu chini, nikachukua nyekundu, nikaandika 9, nikaipuliza ikauke.