Kunyoosha Mtutu

Mtutu wa bunduki uliopinda kidogo hauonekani kwa kuutazama nje. Unaweza kuuinua usawa wa jicho, ukaukagua kama seremala anavyokagua ubao, ukaapa kwamba umenyooka. Ukweli umo ndani ya tundu, na tundu la bunduki niliyosaidia kuitengeneza mwaka jana lilikuwa na urefu wa sentimita 107 na upana wa milimita 12 na ushei. Ndani ya kiza hicho chembamba mlikuwa na pindo la milimita mbili hivi. Pindo hilo lilitosha kuitupa risasi sentimita 15 kushoto mwa shabaha iliyo umbali wa mita 46.

Nasomea shahada ya uzamili katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Somo langu ni metali: zinavyovutika, zinavyochoka, zinavyokatika. Jumamosi huenda kwenye karakana ya mzee mmoja anayetengeneza bunduki za kupakiwa kwa mdomoni, zile zinazoitwa gobore kwetu. Siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Nikashindwa. Mtu aliyelelewa Urambo hawezi kumwita mtu wa miaka sabini na kitu kwa jina tupu, hata akiruhusiwa. Nikamwita Mzee, nikamweleza neno hilo lina uzito gani, naye akalipokea kama mtu aliyepewa cheo.

Bunduki zake si gobore kamili. Gobore la babu yangu, analolindia mihogo dhidi ya nguruwe pori, lina tundu laini kama bomba. Hizi za Pennsylvania zina mifereji ndani ya mtutu, imechongwa kwa mzunguko kama uzi wa skrubu, ili risasi itoke ikizunguka na kushika njia yake. Karne ya 18, mafundi waliohamia huku kutoka Ujerumani na Uswisi walikuja na bunduki fupi na nene za wawindaji wa kwao. Vizazi vyao vikairefusha mitutu na kuipunguza matundu, wakapata bunduki ndefu na nyembamba inayotumia risasi ndogo. Leo wengi huiita bunduki ya Kentucky, ingawa nyingi zilitoka kwenye karakana za Pennsylvania, jambo ambalo Mzee hulisema kila wiki bila kuulizwa.

Hii niliyoitaja aliileta mama mmoja, muuguzi mstaafu. Baba yake, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, aliiunda mwenyewe mwaka 1976, Marekani ilipokuwa ikisherehekea miaka 200 ya uhuru. Mti wake ni ule wa huku uitwao mepo, na unaufuata mtutu hadi karibu na mdomo, ukiwa mwembamba kama ganda. Juu ya mtutu baba alichonga jina lake na mwaka ule kwa patasi ndogo. Majira ya baridi yaliyotangulia alifariki. Mtutu ulikuwa umetolewa kwenye mti kwa ajili ya kusafishwa, umeegeshwa ukutani, na rafu ya vyuma ikauangukia. Binti aliurudisha mtutu kwenye mti, akapiga risasi tatu, zote zikaenda kushoto. Halafu akaona ufa kwenye mti, pale pini inapoushikilia mtutu. Chuma kilichopinda kilikuwa kinausukuma ubao uliochongwa kukumbatia chuma kilichonyooka.

Fundi wa kwanza aliyemwendea alimshauri anunue mtutu mpya. Ushauri huo haukuwa wa kipumbavu, lakini jina la baba lilikuwa kwenye mtutu wa zamani.

"Ukiharibika zaidi?" alimuuliza Mzee.

"Mtutu wenye pindo moja unatibika," Mzee alijibu. "Wenye mapindo matatu ni bomba la maji. Nikianza, sikuahidi."

Mama akanyamaza, akaitazama bunduki, akasema tuanze.

Kabla ya yote Mzee alichukua mdeki, akauingiza mtutuni hadi ukagota, akautia alama mdomoni kwa penseli. Kisha akautoa na kuulaza nje, sambamba na mtutu. Ncha yake ilifika kwenye kitundu cha kuwashia, kwa hiyo ndani hamkuwa na baruti wala risasi. Aliniambia hufanya hivyo hata kwa bunduki aliyoifanyia hivyo saa moja iliyopita. Tukafungua mtambo, tukatoa pini, tukauinua mtutu kutoka kwenye mti taratibu kama watu wanaomtoa mtoto usingizini. Mwisho tukaufunga kwenye jiliwa na kukifungua kizibo cha nyuma. Sasa mtutu ulikuwa wazi pande zote mbili.

Mimi nilikuwa nimekuja na kipimo cha saa, kile chenye mshale unaosoma mpaka sehemu za mia za milimita. Nilikipitisha nje ya mtutu, uso kwa uso, maana mtutu una nyuso nane. Nikaandika namba. Mzee alizisoma kwa heshima, kisha akatoa upinde wa mti uliofungwa waya mwembamba badala ya kamba. Akaupitisha waya ndani ya tundu, akaukaza, akaulaza uguse ukuta wa tundu pande zote mbili, akanipa nichungulie kuelekea dirishani.

Mahali tundu liliponyooka, waya ulilala juu ya ukuta. Mahali lilipopinda, palitokea mwanga kati ya waya na chuma, mrefu na mwembamba kama ukingo wa mwezi mchanga. Tuliuzungusha mtutu polepole. Mwanga ukakua, ukafifia, ukatoweka, ukaibukia upande wa pili. Pindo lilikuwa sentimita 35 kutoka mdomoni. Namba zangu zilikuwa sahihi kwa uso wa nje, lakini uso wa nje na tundu si lazima viende sambamba, na risasi haipiti nje. Mzee alipatia alama kwa chaki.

Hatukutumia moto. Moto huacha magamba ndani ya tundu, na chuma kikipoa kinaweza kupinda mahali pengine. Tuliulaza mtutu juu ya magogo mawili ya mti mgumu, mgongo wa pindo ukitazama juu, tukaweka kipande cha shaba kwenye chaki, na skrubu kubwa ya kushindilia ikashuka juu yake. Robo mzunguko. Tukalegeza, tukachungulia: mwanga uleule. Nusu mzunguko. Uleule. Chuma kilikuwa kinainama mbele yetu kisha kinarudi kilipotoka, kana kwamba hatukukigusa.

Hilo nalijua kwa mchoro. Chuma kina unyumbufu; ukikisukuma chini ya kikomo fulani hurudi chote, ukikivusha kikomo hurudi kiasi na kubakiza kiasi. Nimeuchora mstari huo kwenye mitihani. Lakini mchoro haukunionyesha inavyotisha kuuona mtutu wenye jina la marehemu ukipita unyoofu na kuinamia upande wa pili, kwa makusudi, huku mwanawe akiwa amekaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka hapo. Ili utulie umenyooka, ni lazima kwanza uuvushe. Ukiuogopa, haunyooki. Ukiuvusha mno, umeupa pindo jipya.

Mzunguko mmoja na robo, tulipolegeza, mwanga ulipungua. Mama aliona nyuso zetu, akasimama. Kuanzia hapo tulikwenda kwa vipande vidogo sana vya mzunguko, na baada ya kila kimoja tulichungulia. Kazi hiyo ilitumaliza Jumamosi mbili.

Jumamosi ya pili jioni ulibaki uzi wa mwanga, mwembamba kuliko unywele. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye skrubu. Mzee akauweka wake juu ya wangu.

"Basi," alisema.

"Bado kidogo, Mzee."

"Huo uzi risasi haiuoni. Wewe ndiye unayeuona. Jirudishe nyuma kabla hujaanza kunyoosha kitu kisichopinda."

Tukaurudisha mtutu kwenye mti. Uliingia wenyewe, bila kusukumwa. Ufa ulikuwa umefumba. Mzee akautia gundi, akaufunga kwa kamba mpaka wiki iliyofuata.

Uwanjani mama alipiga risasi mwenyewe. Zilikwenda kushoto bado, kama sentimita tatu. Mzee akaigonga alama ya kulengea ya mbele, akaisogeza kushoto kwa kiasi usichoweza kukiona, maana alama ya mbele husogezwa upande uleule risasi inakokosea. Risasi tatu zilizofuata zilitoboa duara jeusi, karibu karibu. Yule mama hakushangilia. Aliifuta bunduki, akaikunja karatasi ya shabaha mara nne, akaitia kwenye pochi yake.

Usiku nikampigia babu. Nikamsimulia yote: waya, mwanga, magogo, skrubu. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja.

"Mliupiga moto?"

"Hapana, babu. Hatukuupiga moto."

"Ahaa," akasema. "Basi huyo mzee wako ni fundi. Msalimie."