Subira Si Kuficha Tumbo Linalouma



Hapa Dallas, mtaa wa mji wa Embu, mara nyingi mgonjwa wa tumbo hutufikia sisi kabla ya kumfikia daktari. Tunaitwa usiku tumsomee. Nasi tunasoma, kwani Qur'ani ni shifaa. Lakini swali letu la kwanza huwa hili: gari limeshaitwa?

Mwanamke mmoja wa mtaa huu aliumwa upande mmoja chini ya kitovu tangu adhuhuri. Hedhi ilikuwa imechelewa, naye akaona haya kulitaja hilo mbele ya wakweze. Wao wakataka angojewe mumewe aliyekuwa safarini. Baada ya Isha akazimia. Hospitalini ilibainika kwamba mimba ilitunga nje ya mji wa mimba, mrija ukapasuka, na damu ikawa inamwagikia ndani. Alipasuliwa usiku ule ule, akanusurika. Alhamdulillahi.

Maumivu makali ya tumbo yana sababu nyingi. Yanayoanzia kitovuni kisha yakahamia chini kulia, pamoja na homa na kutapika, huenda ni ya kidole tumbo. Yanayobana juu kulia baada ya chakula cha mafuta huweza kuashiria vijiwe vya nyongo. Yanayotoka ubavuni yakashukia kinenani, yakija na kupoa, huenda ni vijiwe vya figo. Na yakizuka ghafla, tumbo likakakamaa kama ubao, yaweza kuwa kidonda cha tumbo kimetoboka.

Basi msingoje kukuche iwapo mgonjwa ni mja mzito au amekosa hedhi. Iwapo anazimia, anatapika damu, anapata choo cheusi kama lami, hapati choo wala hatoi upepo, ana homa, au maumivu yanazidi. Asikandwe tumbo, asinyweshwe haluli, wala asilishwe kitu mpaka aonwe na daktari.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na mgonjwa ameruhusiwa kufungua hata mchana wa Ramadhani, alipe siku nyingine. Enyi waume, toeni ruhusa leo mkiwa nyumbani, ili kesho mkiwa safarini pasiwe na wa kungojewa. Nanyi dada zetu, kumtajia daktari habari ya hedhi si kuvunja haya. Subira ni kuvumilia tusiloweza kuliondoa. Uhai ni amana, na amana hulindwa.

Wabillahi tawfiq.